Kitoweo cha Mwalimu

Mama yangu alifundisha shule ya msingi hapa Babati mpaka akastaafu, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina jingine isipokuwa Mwalimu. Wauza nyanya wa sokoni, madereva wa bajaji, watu wa benki, hata paroko, wote Mwalimu. Nyumba yake iko Nakwa. Ina kibaraza kirefu cha saruji na benchi la mbao, na benchi hilo halikuwahi kukaa tupu kwa muda mrefu. Aliyetoka ziwani na samaki alipita kumsalimia. Aliyetoka shambani alipita kulalamika kuhusu viboko waliomkanyagia mahindi. Waliokuwa wanafunzi wake walipita na magari yao makubwa, wakavua miwani ya jua, wakasema shikamoo Mwalimu kwa sauti ileile ya darasa la tatu. Mama aliitikia marahaba, halafu akawauliza wanakula nini mpaka wananenepa hivyo.

Nilirudi kuishi naye nikiwa mtu mzima, nina mvi, sina mume wala mtoto, jambo ambalo watu wa kwetu hulizungumza wakidhani umeshalala. Nilirudi kwa sababu moyo wa Mama ulikuwa umechoka, na daktari alisema asilale peke yake ndani ya nyumba. Nilirudi pia kwa sababu nilipata kazi. Kulikuwa na watafiti waliotaka kujua kwa nini wenye fedha wa mikoa ya huku wanaendelea kununua vitu vya wanyamapori vilivyokatazwa: nyama ya wizi, mafuta ya simba, ngozi, pembe, mikia. Wawindaji walishahojiwa mpaka wakachoka kuhojiwa. Mnunuzi hakuna aliyemgusa, maana mnunuzi ana geti, na nyuma ya geti kuna mbwa.

Kazi yangu ilikuwa kuingia getini na kuuliza.

Niliiamini kazi hiyo, na mpaka leo naiamini. Nilipokuwa msichana nilimwona twiga kando ya barabara ya kwenda Magugu, amelala ubavu, mkia umekatwa na mwili mzima umeachwa. Watu walisimama, wakatazama, wakaendelea na safari. Mimi nililia kwa hasira mpaka Mama akanivuta mkono. Hasira ile haikuisha yote. Nikiwa nimekaa kwenye makochi ya watu wazito, nikitabasamu na kuuliza maswali yangu kwa upole, ilikuwa imekaa pale pembeni yangu.

Getini nilipitishwa na Mama. Alikaa kwenye kiti chake cha kibarazani, akashika simu mbali na uso kama anayesoma saa ya ukutani, akawapigia mmoja mmoja. "Mwanangu, binti yangu anakuja kukuuliza maswali yake ya kazi. Umjibu vizuri, usiniangushe." Matajiri wengi wa Babati walikuwa wamepita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia hapana. Mkuu wangu wa kazi alikuwa Arusha, tulikuwa tunazungumza kwa simu tu. Aliposikia jinsi milango inavyofunguka alicheka kwa furaha, akasema sijui nilivyo na bahati.

Sasa nieleze habari ya maharage, kwa sababu bila maharage, mengine yote hayaeleweki.

Mtu hawezi kukuambia usoni kwamba amevunja sheria, hata ukimwapia kwamba hutamtaja. Kwa hiyo tulifundishwa njia. Nilikuwa na mfuko mdogo wa kitambaa wenye maharage mekundu mengi na meupe machache. Kabla ya kila swali gumu, ninayemhoji anatia mkono mfukoni, anachukua harage moja, analitazama peke yake bila kunionyesha. Likiwa jeupe, anajibu "ndiyo", hata kama hajawahi kufanya jambo hilo maisha yake yote. Likiwa jekundu, anasema ukweli. Kisha analirudisha. Basi nikisikia "ndiyo", sijui kama ni ya mtu au ni ya harage. Hata mahakama haiwezi kujua. Baadaye, kwa watu wengi, wataalamu wanapiga hesabu zao na kupata picha ya mji bila kumjua mtu yeyote. Mimi niliona ni njia nzuri na ya heshima. Ilimfunika kila mtu.

Masharti mengine yalikuwa mawili. Nisimtaje mtu, wala kumzungumzia kokote. Na nisile nyama katika nyumba yoyote niliyofanyia mahojiano. Hilo la pili niliposaini nililiona dogo.

Wa kwanza kunikaribisha alikuwa mfanyabiashara wa mbaazi. Ana maghala, ana malori, ana nyumba ya ghorofa kule Bagara ambayo vigae vyake vinaonekana ukiwa bado mbali. Mama alimfundisha kusoma. Sebuleni kwake televisheni ilikuwa kubwa kuliko kitanda changu, na haikuzimwa muda wote nilipokuwapo. Juu ya meza ya kioo palikuwa na usinga, mpini wake umevishwa shanga, nywele zake nyeusi, ndefu na nene. Nilijua ni mkia wa mnyama gani. Naye aliona kwamba nimejua, akauchukua akawa anauchezea mkononi wakati wote wa mazungumzo, labda kwa kunitania, labda kwa mazoea tu.

Nilipotoa mfuko alicheka mpaka akakohoa. "Dada yangu, mimi ni mtu wa nafaka! Unaniletea maharage?" Aliyachambua kwa vidole, akaniambia yametoka wapi na kwamba meupe yameanza kutobolewa na wadudu. Lakini alicheza kwa utaratibu. Alichukua, akatazama, akajibu, akarudisha. Ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo.

Baadaye maharage yalipowekwa pembeni, tulifika kwenye maswali ya wazi, ambayo mtu anaulizwa kuhusu watu wengine. Nikamuuliza, watu wenye uwezo kama yeye, wanaitafutia nini hiyo nyama, wakati bucha za ng'ombe zimejaa, na hata nyamapori ya kibali inapatikana?

"Ya bucha kila mtu anaweza kununua," alisema. "Sasa mgeni wako umpe kitu ambacho hata yeye angejinunulia, heshima iko wapi? Mtu akila ile nyingine kwako, anajua amepewa. Na ile huwezi kula peke yako, dada. Ile ni ya kugawana. Unakumbuka huyu, unakumbuka yule. Wazee, hasa wazee."

Niliitikia kwa kichwa. Katika maswali yangu hakukuwa na linalouliza anampa nani, kwa hiyo nikaendelea na linalofuata.

Tulipomaliza, mezani palikuwa tayari. Wali, ndizi, mboga za majani, na hotpoti la nyama yenye mchuzi mzito. Nilisema asante, nimeshiba. Alinisihi. Mke wake alinisihi. Nikasema labda chai, na hiyo chai nikainywa nusu. Uso wa yule mwanamke ulibadilika, si kwa hasira, ila kama mtu aliyefungiwa mlango. Mfanyabiashara alinisindikiza mpaka getini mwenyewe, akaniuliza kama Mwalimu hajambo, akasema nimfikishie shikamoo. Hakunikaribisha tena.

Ikawa hivyo nyumba hadi nyumba. Mama mmoja mwenye nyumba za wageni aliniambia jinsi watu "fulani" wanavyompaka mtoto mafuta ya simba kifuani ili asiwe mwoga. Alisema hivyo huku mwanawe mdogo akiwa amejificha nyuma ya pazia kwa sababu yangu. Mzee mmoja mwenye duka, Mwislamu, alisema yeye nyama isiyochinjwa haigusi na wala hahitaji harage kulisema hilo. Halafu akainuka, akarudi na bangili ya pembe ya ndovu iliyokuwa ya marehemu mama yake. Aliuliza kama kuwa nayo ni kosa. Nikamwambia mimi siruhusiwi kushauri. Aliikunja tena kwenye kitambaa chake taratibu. "Basi umekuja kusikia tu," alisema. Nikasema ndiyo, nimekuja kusikia tu.

Nilikuwa nakula peke yangu mahali pa mama lishe mmoja karibu na stendi, ugali na perege, kila siku. Kwanza walikuwa wananichangamkia. Kisha nikaanza kuona kwamba nikiketi, maongezi ya meza ya jirani yanahamia kwenye mpira. Mwanzoni nilijisifu kwamba ninajulikana. Kisha nikachoka. Nilikuwa na habari za mji mzima kichwani na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia. Upweke wa namna hiyo sikuwahi kuuona. Nimewahi kuishi katika miji nisiyomjua mtu na sikujisikia vile nilivyojisikia katika mji ambao kila mtu ananijua.

Ila mimi ningevumilia. Kilichonifungua macho ni siku ya jumuiya.

Jumuiya yetu hukutana Jumamosi asubuhi, kila juma kwenye nyumba moja, kwa zamu. Watu husali, husoma neno, huzungumzia mgonjwa na michango, halafu hunywa chai ya mwenye nyumba na kusengenya kidogo kwa staha. Zamu ya Mama ilipofika alijiandaa tangu Alhamisi. Viti vilipangwa, kitambaa cheupe kikatandikwa mezani, mshumaa ukawekwa mbele ya picha ya Bikira Maria. Nilikaanga maandazi, nikachemsha viazi vitamu, nikajaza chupa kubwa za chai ya maziwa. Mama alivaa gauni lake la bluu na kufunga kilemba kipya, akakaa kibarazani akitazama njia.

Hakuja mtu.

Alisubiri mpaka jua likapanda na kufika miguuni kwake. Watu walipita barabarani, wakamsalimia wakiwa wanatembea. "Shikamoo Mwalimu!" "Marahaba, karibuni!" "Asante Mwalimu, tunawahi!" Kila mmoja alikuwa anawahi. Mama alisema labda wamebadilisha siku na simu yake haikusikika. Aliniambia nizime mshumaa, usiishe bure. Nikauzima, nikaingia ndani, nikasimama katikati ya vile viti nikiwa na hasira ya kutaka kumpiga mtu, na mtu wa kumpiga sikumwona.

Jirani yetu, mwanamke wa makamo ambaye humsaidia Mama kufua na kuteka maji, alikuja mchana kwa mlango wa jikoni. Alinivuta mpaka kwenye migomba.

"Dada, nikuambie. Jumuiya ilikaa kwangu leo."

"Zamu ilikuwa ya Mama."

"Najua. Sasa watu wanasema ule mfuko wako ni wa ramli."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kama habari inayojulikana na wote: kwamba natembea na mbegu ndani ya kitambaa, nawashikisha watu, na likitoka jeupe basi mtu amekamatwa, hata akatae vipi, jina linakwenda Arusha. Akina mama wa jumuiya hawawezi kusali kwenye nyumba yenye kitu cha namna hiyo. Niliingia ndani, nikaleta mfuko, nikamwaga maharage kwenye ungo mbele yake, nikamweleza kama nilivyofundishwa, kwamba jeupe ndilo linalomficha mtu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia achukue moja tu aone. Akaficha mikono yake ndani ya kanga.

"Hata kama si ramli," alisema, "wewe ni masikio. Dada, nani hapa hajala? Hata kipande? Tukikaa pale, tukacheka, ulimi ukateleza, wewe upo. Si Mwalimu wanayemkimbia. Wanakukimbia wewe."

Sikumwambia Mama. Lakini Mama si mtoto. Siku zilizofuata aliendelea kukaa kibarazani na kuwaita wapitao, na wao wakaendelea kuwahi. Benchi lilipata vumbi, na nililifuta kila asubuhi ili asilione. Samaki wa bure hawakuja tena. Magari makubwa yalipita bila kupunguza mwendo. Usiku alipumua kwa shida, nami nilikuwa kitanda cha pili, kama daktari alivyosema. Nilijua kwamba siku zake si nyingi, na kwamba anazimaliza akiwa peke yake na mimi tu. Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha raha. Mimi sikutosha kuziba nafasi ya wale watu wote. Binti hawezi kuwa benchi zima.

Mkesha wa Krismasi alivaa tena lile gauni la bluu, akatoka kibarazani mapema. Nilimuuliza anamsubiri nani. "Hakuna," alisema, lakini gari lolote likinguruma alinyoosha shingo. Jioni aliomba nimsaidie kuingia ndani. Siku ya sikukuu nilipika pilau kwa nyama ya ng'ombe, nyama nzuri niliyoichagua mwenyewe. Alikula vijiko vichache, akaweka sahani kando, akasema ni tamu sana.

Kesho yake, tukiwa tumekaa baada ya chai, aliniambia, "Nihoji."

"Nini, Mama?"

"Unawahoji watu wote wa mji huu. Nihoji na mimi."

"Mama, hao ninaowahoji ni matajiri."

"Nani alikuambia mimi si tajiri? Lete maswali yako."

Nilidhani anataka tucheze, na nilifurahi, maana hatukuwa tumecheka muda mrefu. Nikasogeza stuli, nikakaa mbele yake, nikasema maneno yangu ya mwanzo kama ninavyowaambia wengine: kwamba uko huru kuacha wakati wowote, na kwamba utakachosema hakitakwenda kwa mtu mwingine kwa jina lako. Alikaa wima, mikono juu ya magoti. Nikamnyooshea mfuko wa maharage. Akausukuma kwa nyuma ya kiganja.

"Toa hiyo. Mimi sijifichi nyuma ya harage."

Nikauliza swali la kwanza, kama amewahi kula nyama ya mnyamapori isiyo na kibali.

"Ndiyo."

Niliinua macho. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mtoto nimekosea hesabu, akingoja niendelee.

"Uliinunua?"

"Sijawahi kununua. Nililetewa. Kila Krismasi na kila Pasaka, kwa miaka mingi, wewe ukiwa mbali. Ndoo yenye mfuniko. Aliyeileta unamjua, umekaa kwenye kochi lake."

Nikaukumbuka ule usinga mkononi mwa mfanyabiashara wa mbaazi, na sauti yake akisema wazee, hasa wazee. Swali lililofuata lilikuwa la kawaida, nililokuwa nimeliuliza kwenye kila sebule: ni kwa nini ulipendelea nyama hiyo kuliko nyama nyingine?

Mama alicheka kidogo. "Kuipendelea? Ilikuwa ngumu! Na meno yenyewe haya. Nilikuwa nakunywa mchuzi, nyama nawapa wengine."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa inakuja, mwanangu. Ikija najua bado wananikumbuka. Na ikija siku hiyo nyumba inajaa. Jirani huyu, wale wa jumuiya, watoto wao. Tunapika, tunakaa mpaka jua linazama. Mwaka huu haikuja."

Nilisema, "Mama, wale wanyama..." Nilikuwa nimemwona tena yule twiga wa barabara ya Magugu, na mkono wa Mama unaonivuta.

"Najua," alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha wote hao mnyama wa taifa ni yupi, na wimbo wa taifa nikawafundisha. Sikuambii ilikuwa sawa. Umeuliza, nimekujibu. Endelea, swali lingine."

Niliweka kichwa changu magotini kwake, mtu mzima mimi, nikalia. Alinishika kisogo. Mahojiano hayo sikuyapeleka Arusha. Ni hayo peke yake ambayo sikuyapeleka, na ndiyo pekee niliyokuwa na hakika ni ya kweli.

Nilikwenda kwa jirani nikamwambia nitaacha kazi. Alikuwa anapepeta mbaazi. Aliendelea kupepeta, akauliza bila ubaya wowote, "Na uliyokwisha kusikia, utayaweka wapi?"

Nikasema sitamwambia mtu.

"Hata sasa humwambii mtu, na bado hawaji." Aliweka ungo chini. "Ukiondoka, dada, akina mama watapanga zamu za kulala kwa Mwalimu. Wameshasema. Hatalala peke yake hata siku moja."

Wameshasema. Kwa hiyo walikuwa wamekaa, wakanizungumzia, wakapanga mpaka nani alale siku gani, na kilichobaki ni mimi tu kutoka njiani. Nilitaka kukasirika, lakini nilikosa pa kushika. Walikuwa wanampenda Mama yangu. Walichotaka ni kumpenda bila mimi kuwepo nikisikia.

Niliomba nihamishiwe Singida, na mkuu wangu akakubali. Nilipomwambia Mama, hakuniuliza kwa nini. Alikunja nguo zangu mwenyewe, polepole, akipumzika katikati, kola za blauzi akizinyoosha kwa kiganja. Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono kibarazani.

"Utakuja kunisalimia?"

"Nitakuja, Mama."

"Ukitaka kuja," alisema, akitazama barabara na si mimi, "unipigie kwanza."

Nilisema nitapiga.

Nimepanga chumba Singida, chumba na sebule ndogo, karibu na msikiti na karibu na mashine ya kusaga. Hapa sijulikani, na maharage yangu hayamtishi mtu. Nampigia Mama kila Jumapili akitoka kanisani. Sauti yake ina nguvu kuliko nilivyoiacha. Ananihadithia nani amelala kwake, nani amekoroma, nani ameleta samaki. Benchi halitoshi siku hizi, anasema, mpaka wanatoa viti vya ndani. Nafurahi. Nafurahi kweli, halafu nakata simu na kukaa pale kitandani muda mrefu kabla sijakumbuka kuwasha jiko.

Pasaka nilimpigia mchana. Simu ilipokelewa kwenye kelele: vyombo, watoto, mtu akicheka kicheko cha kukohoa ambacho nilikitambua mara moja. "Ngoja nikuweke kwa sauti kubwa wakusalimie!" Mama alisema. Nao wakanisalimia, wote kwa pamoja, kwa uchangamfu ambao hawakuwahi kunionyesha nilipokuwa mbele yao. Jirani alisema ninenepe. Mfanyabiashara wa mbaazi akasema dada, umetutupa. Kwa muda ule mfupi nilijiona nimo, nimekaa nao kibarazani, sahani mapajani, na kwa furaha hiyo nikauliza kile ambacho mtu yeyote angeuliza siku ya sikukuu.

"Na mnakula nini leo?"

Kelele zikakatika. Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. Nilisikia jogoo wa jirani, na upepo kwenye migomba. Nilitaka kurudisha neno langu mdomoni na sikuweza.

"Kuku," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa karibu sasa, alikuwa ameshaiondoa simu kwenye sauti kubwa. "Tunakula kuku, mwanangu."

Inawezekana ni kweli. Anafuga kuku, na Pasaka watu huchinja. Mama yangu hajawahi kunidanganya. Nilimwambia wale washibe, nikamwambia nampenda, naye akasema ana wageni, atanipigia baadaye.